Dirisha kwenye Mfupa

Katika miaka ya hamsini, Kenya ikiwa bado koloni, kuna madaktari wazungu waliopanda vilima vya Gusii wakiwa na daftari na kamera. Hawakwenda kutibu. Walikwenda kutazama watu wakitibiwa. Walichotaka kuona ni hiki: mzee yuko nje kwenye mwanga wa mchana, mkononi ana kisu kilichopinda, na mbele yake kuna mtu mzima, macho wazi, ameshikwa na ndugu zake. Ngozi ya kichwa imepasuliwa na kufunuliwa. Mfupa wa fuvu uko nje, mweupe. Mzee anaukwangua kidogo kidogo, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria asiyotaka kuitoboa, mpaka linatokea tundu, na chini yake unaonekana utando unaofunika ubongo. Utando hauguswi. Kazi inaishia hapo.

Mzee huyo kwa Ekegusii ni omobari. Wakiwa wengi ni ababari. Watu walimwendea kwa sababu moja hasa: kichwa kinachouma miezi, hata miaka, baada ya kupigwa rungu au kuanguka. Wala si ati walikuwa wakitoa pepo, kama wengi wanavyodhani wakisikia stori hii mara ya kwanza. Mantiki yao ilikuwa ya mwili: kuna pigo, kuna ufa kwenye mfupa, na penye ufa ndipo penye maumivu. Ondoa mfupa mbovu.

Daktari Grounds aliandika habari zao mwaka 1958 katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Edward Margetts, Mkanada aliyekuwa akiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari pale Nairobi, alizifuatilia pia, na maelezo yake yakatoka kitabuni mwaka 1967. Na mwaka 1985, zaidi ya miaka ishirini baada ya uhuru, jarida la upasuaji la Marekani lilikuwa bado linachapisha makala kuhusu mafuvu yanayofunguliwa Kisii. Kwa hivyo usiniambie hizi ni hadithi za kale. Mwaka 1985 Kisii watu walikuwa wanasikiliza redio na kupanda matatu.

Nikiwa mtoto nilimjua mmoja wa waliofunguliwa. Alikuwa mzee wa upande wa Manga, rafiki wa sokoro, yaani babu yangu. Akivua kofia, upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umebonyea kama parachichi lililoiva kupita kiasi. Ukimkodolea macho hakukasirika. "Gusa, mjukuu wangu," aliniambia siku moja, "hapaumi." Nikagusa. Palikuwa na joto, na palikuwa panapiga, tup, tup, kama moyo.

Nimerudi kuwasoma ababari nikiwa mtu mzima, Nairobi, kwa sababu isiyo na heshima yoyote: jino.

Ni jino la mbele, la juu. Lilikufa zamani, nilipoanguka shuleni, na baadaye likasafishwa mfereji wake na kuzibwa. Nikalisahau. Kisha kikatokea kijipu kwenye ufizi juu yake, kidogo, kama chunusi. Kilipasuka, nikaonja chumvi na uozo, kikapona. Baada ya mwezi kikarudi. Nilimeza antibayotiki, kikanyamaza wiki tatu. Kikarudi. Mfereji ukafunguliwa na kusafishwa upya. Kikarudi. Kwenye kliniki moja nikaambiwa, "Dada, tung'oe tu, hilo halina maisha." Daktari mwingine akaweka eksirei kwenye mwanga, akaniwekea kidole penye doa jeusi kwenye ncha ya mzizi, akasema kuna njia moja bado haijajaribiwa. Tunaweza kufungua mfupa, alisema, tukakwangua palipooza, tukakata ncha ya mzizi.

Kufungua mfupa. Kukwangua palipooza. Nilitoka pale nikiwaza bonde la yule mzee, na usiku huo nikaanza kutafuta kila kilichoandikwa kuhusu ababari, nikitumaini kukuta mahali wanapotaja meno.

Sikukuta. Waandishi wale walikwenda kutafuta vichwa, wakaandika vichwa. Nikampigia shangazi yangu, ambaye ana kumbukumbu za familia nzima, nikamuuliza zamani mtu akiumwa jino walifanya nini. Akacheka. "Jino lilikuwa na dawa gani? Chumvi. Majani. Likikataa, linang'olewa." Nikamuuliza, na likivimba shavu? Akanyamaza kidogo. "Likivimba mpaka shingoni, hapo tulijua."

Acha nieleze walijua nini. Ndani ya mzizi wa jino kuna mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji kuna mishipa ya damu na ya fahamu. Jino likioza au likigongwa vibaya, nyama hiyo ya ndani hufa na bakteria huhamia. Hapo mwili hauna la kufanya: damu haifiki tena ndani, na kinga husafiri kwa damu. Dawa unazomeza pia husafiri kwa damu. Ndiyo maana vidonge hutuliza jipu wala haviling'oi shina lake. Bakteria hukaa mle ndani kama wapangaji wasiolipa, na sumu yao huvuja kupitia ncha ya mzizi hadi kwenye taya. Mfupa wa taya hurudi nyuma. Panabaki shimo lenye usaha au nyama laini, na hilo ndilo lile doa jeusi la eksirei.

Usaha ukipata njia ya kutokea ufizini, kama wangu, una bahati. Ukikosa njia, unaitengeneza. Kwa meno ya chini ya nyuma, njia hiyo yaweza kuwa chini ya ulimi na kuelekea shingoni, na ulimi ukainuliwa hadi pumzi ikakatika. Mjerumani Ludwig alieleza ugonjwa huo mwaka 1836 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake, lakini si yeye aliyeugundua kwa shangazi yangu na rika lake. Wao walimzika mtu, wakajua.

Na huu ni ugonjwa wa kale kuliko binadamu wa sasa. Mwaka 1984, kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu kati ya changarawe. Kilikuwa mwanzo wa mifupa ya yule mvulana ambaye dunia nzima inamwita Mvulana wa Turkana, mwenye umri wa takriban miaka milioni moja na nusu. Walipoitazama taya yake waliona kwamba penye jino la utoto lililotoka palikuwa na alama za maambukizi ya mfupa. Waliomchunguza walipendekeza kwamba huenda usaha huo ndio uliomuua, kwa sumu kuingia kwenye damu. Hatuwezi kumfanyia uchunguzi wa maiti kwa uhakika. Ila kila mara nikipita karibu na jumba la makumbusho Nairobi, ulimi wangu hupanda wenyewe kwenye ufizi.

Sasa, kupasua jipu la ufizi ili usaha utoke ni jambo ambalo watu wamefanya tangu zamani sana. Lakini kuingia hadi kwenye mzizi, kuukata ncha na kuliacha jino mahali pake, hilo ni wazo geni. Tarehe ambayo wengi huanzia ni 1884, wakati John Nutting Farrar, daktari wa meno wa Marekani, alipochapisha makala akipendekeza kukata mizizi ya meno yenye majipu sugu. Hoja yake ilikuwa ya kijasiri: ikiwa shida iko kwenye ncha, kwa nini ufe mwili mzima wa jino?

Huo 1884 ulikuwa mwaka wa ajabu. Vienna, Carl Koller aligundua kwamba kokeni ikidondoshwa jichoni unaweza kulipasua mgonjwa asihisi kitu, na ndani ya muda mfupi Wamarekani walikuwa wanaidunga kwenye neva ya taya. Ganzi ikazaliwa. Novemba mwaka huohuo, Berlin, mabwana wenye masharubu wakaketi mezani kupanga namna ya kuigawana Afrika. Kwa hivyo ganzi ya meno na ukoloni wetu ni watoto wa mwaka mmoja, na kimoja kilitufikia haraka zaidi kuliko kingine. Mwaka 1905 jeshi la Uingereza lilikuwa tayari limefika Gusii kwa bunduki. Mwaka 1908 Otenyo akamchoma mkuki Northcote, ofisa wa wilaya, na kisasi kilichofuata kiliteketeza nyumba na kubeba ng'ombe. Sindano ya ganzi ilikuwa bado iko njiani.

Ulaya ile kazi ya Farrar iliendelezwa sana na Carl Partsch, mpasuaji wa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław, Poland. Alifundisha jinsi ya kukata ufizi kwa umbo la upinde, kuinua nyama, kutoboa dirisha kwenye mfupa na kufikia mzizi. Eksirei zilikuwa zimegunduliwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata tayari kulikuwa na mtu aliyejipiga picha ya meno kwa kukaa bila kutikisika dakika ishirini na tano. Kwa hivyo kufikia mwanzo wa karne ya ishirini kila kitu kilikuwepo: ganzi, picha, kisu. Ungetarajia kwamba kuanzia hapo meno ya dunia yangeokolewa.

Kikatokea kinyume. Mwaka 1910 daktari wa Kiingereza William Hunter alitoa hotuba Montreal akiwashutumu madaktari wa meno kwa kujenga vifuniko vya dhahabu juu ya usaha. Alidai maambukizi ya mdomoni ndiyo chanzo cha magonjwa chungu nzima ya mwili. Kulikuwa na ukweli ndani yake, lakini wazo likapanda mori. Kwa takriban miaka thelathini, Uingereza na Marekani, meno yaling'olewa kwa mamilioni ili kutibu baridi yabisi, tumbo, hata huzuni. Kule New Jersey, Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, aliwang'oa wagonjwa wake meno ili kutibu wazimu. Wazimu usipoondoka, alihamia kwenye tonsili, kisha vipande vya utumbo. Wengi walikufa.

Ninayataja haya kwa sababu kichwa cha maandishi ya Margetts kuhusu watu wetu kina maneno "tamaduni za kishenzi", au hivyo ndivyo ninavyolisoma neno lake la Kiingereza. Ukitaka kumhurumia utasema "za awali". Mwaka 1949, miaka michache tu kabla ya yeye kufika Mathari, Tuzo ya Nobel ya tiba ilipewa Egas Moniz wa Ureno kwa kukata nyuzi za ubongo wa wagonjwa wa akili. Omobari wa Kisii, bila shule, alikuwa na kanuni moja asiyoivunja: utando wa ubongo usiguswe. Waandishi haohao waliomshangaa walikiri kwamba wengi wa wagonjwa wake walipona na waliokufa walikuwa wachache. Nani alikuwa wa awali hapo, mimi sijui.

Lakini sitaki kumgeuza omobari kuwa malaika, kwa sababu hiyo pia ni njia ya kutomsoma. Hakuwa na ganzi. Ngozi ya kichwa ina neva tele, na kuipasua mtu akiwa macho ni mateso. Mfupa wenyewe hauna hisia nyingi, ndiyo maana mgonjwa aliweza kutulia kisu kikishafika hapo. Alifunika jeraha kwa dawa za mimea na mafuta, na mara nyingine jeraha lilioza. Na maumivu yalikuwa na tabia ya kurudi. Margetts aliandika habari za mtu mmoja aliyefunguliwa mara nyingi, akirudi na kurudi, mpaka sehemu kubwa ya fuvu lake ilikuwa imekwisha. Hadithi hiyo niliisoma mara tatu. Kijipu kinarudi, unarudi kwa daktari. Kinarudi, unarudi. Kuna hatua ambapo mtu hatafuti tena kupona, anatafuta tu mtu atakayekubali kwamba kweli anaumwa.

Ukitaka kujua kwa nini mtu wa Kisii au Nyamira akiumwa jino leo anafikiria koleo kwanza, angalia jinsi hospitali ilivyofika kwetu. Hospitali kuu ya Kisii inahesabu mwanzo wake kutoka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza, kwa ajili ya askari. Miaka miwili nyuma, Septemba 1914, Wajerumani walikuwa wamevuka mpaka na kupigana na Waingereza papo hapo mjini. Tiba ya kizungu Gusii ilianza kama tiba ya vita: funga jeraha, kata mguu, rudisha mtu kazini. Kwenye mfumo wa namna hiyo jino halina wakili. Koleo linatosha, linachemshwa, linatumika tena. Halihitaji umeme wala eksirei, wala mgonjwa kurudi mara nne kutoka Ekerenyo kwa miguu.

Na Kenya haikuwa na mahali pa kumsomesha daktari wa meno hata mmoja mpaka Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuwafundisha mwaka 1974. Fikiria hilo. Miaka kumi na moja ya uhuru, wimbo wa taifa umezoeleka, na aliyetaka kusomea meno alilazimika kupanda ndege. Nyamira yenyewe haikuwa hata wilaya. Ilikuwa sehemu ya Kisii hadi mwisho wa miaka ya themanini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulipofanyika, ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu alikuwa na meno yaliyooza, na madaktari wa meno wengi wakiwa mijini. Hesabu nyingine ni yako.

Kwa hivyo kizazi cha mama yangu kilijifunza kwamba kumwona daktari wa meno na kung'oa ni kitendo kimoja. Mama husema "naenda kung'oa" hata akienda kusafishwa tu. Lugha imeshaamua kabla hajafika.

Lakini kuna njia nyingine ambayo Wagusii waliunganishwa na mzizi wa jino, na hii nilipoigundua nilisimama nikazunguka chumba. Kabla ya vita ile ya kwanza, Waadventista Wasabato walijenga misheni Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii, baada ya kuanzia Gendia ufuoni mwa ziwa mwaka 1906. Leo Jumamosi asubuhi, Nyamira nzima inavaa nguo safi. Kanisa hilohilo lilianzisha chuo cha tiba huko Loma Linda, California, mwaka 1905. Na ni Loma Linda, mwaka 1993, ambapo Mahmoud Torabinejad na wenzake walieleza dawa mpya ya kuziba ncha ya mzizi iliyokatwa. Wanaiita MTA. Sehemu kubwa yake, kama robo tatu, ni simenti ya Portland. Ndiyo, simenti, jamaa ya ile inayopakiwa kwa mifuko ya kilo hamsini pale Daraja Mbili, ila imesafishwa na kuchanganywa na madini ya kuifanya ionekane kwenye eksirei.

Ukifikiria, ina maana. Ncha ya mzizi iko kwenye maji ya mwili, damu na unyevu saa zote. Kabla ya hapo madaktari waliziba kwa amalgamu, ile rangi ya fedha, ambayo haipendi maji na hupitisha bakteria pembeni. Simenti inayataka maji. Bila maji haigandi. Na mwili, kwa sababu ambazo hata wataalamu walizistaajabia, huikubali kiasi cha kujenga tishu mpya juu yake.

Dawa hiyo ilikuja wakati mmoja na hadubini ya upasuaji, na vyombo vyembamba vinavyotetemeka kwa kasi vya kuchimbia ndani ya mzizi. Tofauti yake si ndogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, ukijumlisha tafiti nyingi, ulikuta upasuaji wa mtindo wa zamani ukifaulu kwa asilimia 59 hivi, na ule wa hadubini kwa asilimia 94. Yaani babu yangu angefanyiwa kwa ile ya zamani, ingekuwa karibu na kurusha shilingi hewani. Yangu haikuwa kamari ya namna hiyo.

Bei, lakini. Kung'oa kungenigharimu chini ya elfu mbili. Upasuaji ulikuwa zaidi ya mara ishirini ya hiyo. Nilikaa miezi minne nikikusanya, nikisukutua chumvi, na kila Ijumaa mtu fulani ofisini akiniuliza kwa nini sing'oi tu niweke la bandia. Swali zuri. Jibu langu lilikuwa kwamba hili ni jino la mbele, na nina miaka ishirini na tisa. Jibu ambalo sikulitoa ni kwamba nilishachoka kuwa mtoto wa watu wa kung'oa.

Upasuaji wenyewe ulichukua saa moja na nusu. Sindano za ganzi ndizo zilizouma, baada ya hapo ni kelele na msukumo. Alikata ufizi, akauinua kama pazia. Akafungua dirisha kwenye mfupa, dogo kuliko punje ya hindi, ingawa nusu ya dirisha hilo ugonjwa ulikuwa umeshajichimbia wenyewe. Kisha nikasikia kile kijiko. Kinaingia kwenye shimo la mfupa, kinazunguka, kinakwangua. Huumii, lakini unasikia ndani ya fuvu lako, sauti kavu inayopita kwenye mfupa bila kupitia sikio. Nilikuwa nimeisoma sauti hiyo kwa miezi bila kujua kwamba ilikuwa sauti. Wale waliofunguliwa kichwa waliisikia kwa muda gani? Saa mbili? Zaidi?

Akakata milimita 3 za ncha. Ni tatu kwa sababu hapo ndipo mfereji mkuu hugawanyika kuwa vijitawi ambavyo hakuna sindano ya kusafishia inayoweza kuvifikia. Bakteria waliokuwa wakinirudia walikuwa wamejificha humo muda wote. Akachimba kidogo ndani ya kisiki, akashindilia simenti. Kipande cha ncha alinionyesha kwenye kitambaa, kinyonge, cha rangi ya chai ya maziwa. Akashona nyuzi sita.

Kuna kitu kimoja ambacho mkono wa omobari haukuwa na uwezo nacho, na si kwa kukosa ustadi. Fuvu la mtu mzima likiondolewa kipande halirudi. Taya hurudi. Toa uozo, ziba chanzo, acha damu ijae shimoni, na kwa muda wa miezi mfupa mpya hujijenga kutoka kingoni kuelekea kati. Eksirei ya miezi sita ilionyesha doa likififia. Ya miezi kumi na minne haikuonyesha doa.

Krismasi nilikwenda nazo nyumbani Nyamira, zote tatu, kwenye bahasha. Mama alizichukua moja moja akaziinua kwenye mwanga wa mlango, miwani juu ya kichwa, kama anayekagua noti bandia.

"Hapa walikwangua?"

"Hapo, Mama."

"Na ukawa macho."

"Nikawa macho. Kwa ganzi."

Akaiangalia ya mwisho kwa muda mrefu zaidi. Yeye ana mapengo manne, matatu upande mmoja, na tangu mwezi wa nane kulikuwa na jino la tano lililokuwa likimvimbisha na kunyamaza, likivimba na kunyamaza. Alikuwa na miadi ya kuling'oa Januari.

"Huyo daktari wako," akasema, "huja Kisii?"

"Haji. Yuko Nairobi."

"Ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Hakusema kitu. Akazirudisha picha kwenye bahasha kwa mpangilio aliozikuta, akaikunja juu, akanipa. Kisha akaingia jikoni, nikamsikia akifungua kopo la chumvi.

Usiku nilipiga hesabu kwenye simu: nauli mbili, kwenda na kurudi, mara tatu. Asubuhi nikamwambia asiende Januari mpaka nimpigie.